Doa Moja, Ndege Mbili

Shemeji yangu na mimi hatukupendana, na sitaki kuanza kwa kumsingizia wema kwa sababu tu hayupo. Alikuwa mtu wa Arua mjini, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao waliletwa kutoka Sudan wakiwa askari wa wakoloni, na aliutazama ulimwengu wote nje ya mtaa wao kama shamba lisilopaliliwa. Mimi nilizaliwa Abuku, kwenye mihogo. Alipomwoa dada yangu alisema mbele ya wazee wetu kwamba amekuja kututoa tope miguuni. Watu walicheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo nikikumbuka kicheko kile damu inanichemka.

Alijipaka manukato hata siku za kupaka grisi. Akirudi kutoka kutazama mpira kiwanjani Onduparaka alisimulia mechi siku nzima kana kwamba mabao yote kafunga yeye, na ole wako umwambie kwamba na wewe ulikuwepo. Kazi yetu ilikuwa rada ya jeshi, na ndani ya lori la rada watu wawili hukaa bega kwa bega, na joto la mitambo linawatokosa kama viazi. Manukato yale na domo lile vilinifanya nitamani vita vianze kweli, angalau tupate jambo jingine la kuzungumza.

Tulikuwa tumesoma pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya sabini jeshi lilituchagua vijana kadhaa likatupeleka Urusi kujifunza rada. Mimi na yeye tulipewa chumba kimoja, tukagombana majira yote ya baridi juu ya dirisha: yeye alitaka lifungwe, mimi nilikosa pumzi. Mwalimu alisema, mkalimani akatafsiri, sisi tukaandika. Mwishowe yeye akawa hodari wa kusoma skrini, mimi nikawa fundi wa antena. Kwa hiyo tuliporudi yeye alikaa ndani kivulini, mimi nikapanda mlingoti juani, na hilo nalo akalifanya wimbo.

Kituo chetu kilikuwa juu ya kilima nje ya mji wa Koboko, upande wa Abuku. Kulikuwa na lori la skrini, lori la jenereta, mahema, na mlingoti wenye fremu pana ya chuma. Juu ya fremu hiyo zilifungwa antena ndogondogo kwa safu mbili, ya juu na ya chini, kila moja ikiwa fimbo ndefu iliyopitiwa na vijiti. Askari waliziita mifupa, maana kila moja ilifanana na mfupa wa samaki aliyekwisha kuliwa. Fremu yote ilizunguka, ikatuma mawimbi na kusikiliza yanayorudi. Wanawake waliolima chini ya kilima walituchukia. Walisema lile dude linafukuza mvua, na shangazi yangu mzazi, tumbo moja na baba yangu, alikataa kunipa maji ya kunywa mpaka niende nikalizime.

Niseme kidogo jinsi linavyofanya kazi, kwa sababu bila hivyo hutaelewa kwa nini ninachukia ninachochukia. Antena moja peke yake husikia huku na kule bila kuchagua. Ukizipanga nyingi kwenye mstari na kuzilisha kwa pamoja, mawimbi yake yanajumlishana mbele na kuuana pembeni, na unapata mwale. Mstari ukiwa mrefu, mwale unakuwa mwembamba. Mwale mwembamba unaweza kupita katikati ya ndege mbili na kukuta uwazi ulio kati yao. Mwale mnene unazigusa zote mbili kwa wakati mmoja, na kwenye skrini linakuja doa moja. Anayetazama hana kosa. Hata akikodoa macho mpaka yatoke, doa ni moja.

Ndiyo maana tulifundishwa kutosema kamwe “ndege moja” kwa kitu kilicho mbali. Tulifundishwa kusema “moja au zaidi”. Mwalimu wetu kule Urusi alilirudia neno hilo akigonga meza, na mkalimani naye akagonga meza ingawa hakuna aliyemwomba.

Na lazima niseme ukweli hata kama unaniuma: kwenye skrini shemeji alikuwa bingwa. Kilima kinarudisha mwangwi kama ndege inavyorudisha, tena mkubwa zaidi, na kwetu vilima haviishi mpaka uingie Kongo. Mashine ilikuwa na njia ya kulinganisha mwangwi wa sasa na ule uliotangulia, kisha kuutoa mmoja kwa mwingine. Kilichosimama kinafutika, kilichotembea kinabaki. Ila ukikaza mno unafuta hata ndege inayokwenda polepole, na ukilegeza, skrini inajaa vilima. Shemeji alikigeuza kifundo cha kurekebishia hilo kwa vidole viwili, akisita, akigeuza tena, kama mtu anayetia chumvi kwenye chungu cha mama mkwe.

“Ukielekeza hii mashine kwa afande wetu,” aliniambia siku moja, “yeye nafutika kabisa. Mutu hapana toka kwa kiti.”

Nilicheka kabla sijakumbuka kwamba simpendi.

Afande huyo ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Aliishi Arua, juu kabisa ya Kilima cha Arua, katika nyumba ya zamani ya wakoloni yenye varanda pana, na Koboko alikuja pale tu alipotaka kufoka. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti ndogo. Wengine jeshini walipiga kelele na kelele zao zikapita. Yeye alishusha sauti, na akishaishusha, mtu fulani alikuwa hataonekana kwenye gwaride la kesho yake. Sijakutana na binadamu niliyemchukia zaidi, na nimeishi muda mrefu.

Ndiye aliyetukataza lile neno. “Ndege iko ngapi?” aliuliza kwenye redio.

“Iko moja au zaidi, afande,” shemeji akajibu, kama tulivyofundishwa.

“Au?” sauti ndogo ikauliza. “Mimi hapana taka au. Au iko neno ya mutu muoga. Iko moja, sema moja. Iko mbili, sema mbili. Basi.”

Tangu hapo tukaripoti namba kavu. Doa moja, ndege moja. Shemeji alinuna siku nzima, manukato na yote, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane tukawa upande mmoja wa ugomvi.

Kisha afande akapata televisheni. Ililetwa kutoka Kampala, kabati zima la mbao lenye miguu minne, na wakati ule picha za Kampala zilifika Arua kwa kubahatisha, siku nyingine zisifike kabisa. Antena ndogo iliyokuja nayo haikuleta kitu. Mtu mwingine angeirudisha au angeitandikia kitambaa na kuweka maua juu yake. Afande alikumbuka kwamba huko Koboko ana kilima kizima chenye mifupa.

Alikuja mwenyewe na lori, akasimama chini ya mlingoti akiwa amejikinga jua kwa kiganja, na akanyoosha fimbo yake. “Toa ile ya pembeni. Kushoto na kulia. Juu na chini.”

Nilikuwa tayari juu na spana. “Afande,” nikamwambia, “hii ya pembeni ndiyo inafanya jicho ya mashine iwe kali. Ikibaki ya katikati tu, fremu inakuwa fupi. Ndege mbili itakuwa moja.”

“Iko mingi. Yote nafanya nini huko? Nafanya sikukuu?”

“Afande, mbili itakuwa moja.”

“Sasa wewe nafundisha mimi kuhesabu?”

Shemeji alikuwa ametoka kwenye lori la skrini kusikiliza. “Shemeji,” akaniita kutoka chini, kwa ile sauti yake ya kumkemea mtoto, “funga mdomo, fungua nati. Wewe iko na watoto.”

Nikafungua. Wanajeshi wawili waliipokea ile mifupa wakaipakia, nami nikapelekwa nayo Arua nikaifunge juu ya bomba la maji katika bustani ya afande, katikati ya maua. Alasiri hiyo maofisa walialikwa kuja kutazama. Kioo kilionyesha mchanga mtupu, unaochemka na kunguruma. “Sasa iko safi,” afande akasema. Ofisa mmoja akasema anamwona mtu anasoma habari. Mwingine, asije akapitwa, akasema anaiona hata tai yake shingoni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na spana mkononi, nikaulizwa ninaona nini. Nikasema ninaona tai.

Tulibaki na fremu iliyokatwa masikio. Shemeji alinieleza mara kwa mara jinsi madoa yalivyonenepa, akinisemesha kana kwamba niliyauza mimi. Lakini kwa afande ilikuwa ni ile ile: namba kavu, na upesi.

Siku ya balaa, mkubwa mmoja kutoka Kampala alikuwa anakuja Arua na wageni wake wa nje. Ujumbe ulisema ndege moja. Dakika za mwisho wakaongeza ya pili kwa ajili ya wale wageni, na hakuna aliyejisumbua kutuarifu. Basi hapo ndipo rada inapohitajika. Ndege zile zilikuja ubavu kwa ubavu. Kwa fremu nzima doa lingepasuka vipande viwili hata kabla hazijavuka Nile, na uwanjani wangekuwa na nafasi tele ya kujipanga. Kwa fremu yetu lilikuja doa moja nono, likasogea, likazama nyuma ya vilima vya Arua bado likiwa moja.

“Ngapi?” redio ikauliza.

“Iko moja, afande.”

Nilikuwepo, bega langu likigusa lake. Hata mimi ningesema hivyo hivyo.

Kwenye uwanja wa ndege wa Arua watu walikuwa wamepangwa kandokando ya njia ya ndege: wacheza ngoma, watoto wa shule wenye matawi, wake wa maofisa. Ndege ya kwanza ikatua ikasimama. Afande, akiamini hakuna nyingine, akatoa ishara, na umati ukaingia katikati ya njia ukicheza. Ndipo ya pili ikatokea juu yao, magurudumu yakiwa yameshuka. Rubani aliiinua kwa ngurumo iliyosikika mpaka sokoni. Hakufa mtu, ila mama mmoja alikanyagwa akavunjika mkono, na watoto walitawanyika mpaka kwenye mashamba. Mkubwa wa Kampala akashuka ngazi, akamwendea afande, akamzaba kofi mbele ya wacheza ngoma. Dereva aliyekuwepo ndiye aliyenisimulia. Alisema afande hata shavu hakulishika. Aliuliza tu kwa upole nani alikuwa kwenye skrini.

Walimchukua shemeji jioni ile ile, alipokuwa akitia udhu kwa ajili ya sala ya magharibi. Shitaka lilikuwa kwamba alificha ndege ya pili ili igongane na ya kwanza, wageni wafe. Usicheke. Watu walikufa miaka ile kwa mambo madogo kuliko hayo, na kila mtu kituoni alijua kwamba anayefungiwa kwenye stoo ya kambi ya Arua kwa neno kama hilo anasubiri tu amri.

Dada yangu alinijia kesho yake, amepanda lori la mizigo mpaka Koboko, amejifunga kitenge cha Kikongo kilichochakaa, yeye aliyependa kupendeza. Alinikuta ninakula.

“Wewe iko hapa nakula,” akasema.

“Kaa kwanza.”

“Mimi hapana kaa. Mume yangu iko ndani ya stoo. Sema mashine ilifanya nini.”

Nikamweleza, kama nilivyokueleza wewe. Alisikiliza amesimama, hata kanga ya kichwani iliyokuwa ikimteleza hakuirudisha. “Kwa hiyo ni ile chuma ya televisheni,” akasema.

“Ndiyo.”

“Na nyinyi wote munajua.”

“Kila mutu kituoni najua.”

“Basi enda sema.”

“Nikisema tutakuwa wawili stoo.”

“Wewe na yeye munanuniana miaka yote kama wake wenza. Sasa unataka akufe?”

“Mimi hapana taka akufe,” nikamjibu. “Nataka anyamaze tu.”

Nilifikiri atacheka, maana zamani alicheka na mimi juu ya domo la mumewe. Alinitemea mate miguuni. Sikumlaumu, lakini nilikasirika, na nilipanda lori la kwenda Arua nikiwa bado na hasira: kwake, kwa mumewe, kwa kila mtu aliyewahi kuona tai kwenye mchanga ule.

Afande alikuwa kwenye varanda, na mifupa yetu ilisimama nyuma yake bustanini. Njiani nilikuwa nimejipanga nisiitaje televisheni kabisa. “Afande,” nikasema, “ile mashine iko na ugonjwa. Ikipata chuma yake yote, itaonyesha ndege mbili kama iko mbili. Wageni wakirudi Kampala, njoo kaa mbele ya skrini, angalia na macho yako.”

Aliigeukia ile mifupa, akaitazama, kisha akanitazama mimi. “Kama naona mbili?”

“Basi yule mutu hapana ficha kitu.”

“Kama naona moja?”

Jibu alikuwa nalo mwenyewe.

“Basi wewe pia naingia stoo,” akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayepanga safari.

Alikubali upesi mno. Nami kwa ujinga wangu nikaona ni dalili njema: anatafuta pa kuangushia lawama, na mashine ya Warusi haina mke wala watoto. Marubani wakaambiwa waruke ubavu kwa ubavu kama walivyokuja. Nikaifungua mifupa kwenye bomba la maji, nikairudisha Koboko, nikaifunga mahali pake na kuijaribu fremu. Ilizunguka vizuri.

Nilishikilia kwamba shemeji lazima aletwe. Niliwaambia hakuna mwingine anayeweza kukitia kile kifundo mahali pake, vilima visilifunike doa, na huo ulikuwa ukweli mtupu. Asubuhi ya kuondoka kwa wageni wakamleta, jicho moja limevimba likafumba, mikono imefungwa kamba. Wakamfungua mikono mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumsogelea bila kusikia harufu ya manukato. Alinyanyua uso akaikagua fremu kwa jicho lililobaki.

“Ya kushoto juu nacheza bado,” akaniambia. “Hata leo hujui kukaza nati.”

Hiyo ndiyo salamu aliyonipa. Nilitamani kumzaba ngumi ya jicho la pili.

Tukakaa, yeye kwenye kiti chake, mimi kando, afande nyuma yetu ameinama, pumzi yake kwenye shingo zetu. Askari wawili walisimama mlangoni. Shemeji alikigeuza kifundo, akasita, akakirudisha nyuma kidogo, na vilima vikafutika kimoja kimoja mpaka skrini ikabaki nyeusi. Redio ikasema ndege zimeruka. Muda kidogo zikapanda juu ya vilima: madoa mawili, safi, yakitenganishwa na giza jembamba.

“Iko mbili,” afande akasema.

“Iko mbili, afande,” shemeji akajibu, akaweka ncha ya kidole kwenye kioo. “Siku ile, mahali hii, ilikuwa moja. Mpaka inazama ilikuwa moja.”

Zikazidi kwenda. Kwa kila mzunguko wa fremu lile giza la katikati lilipungua, kisha madoa yakagusana, kisha likawa doa moja.

“Moja imekwenda wapi?”

“Hapana kwenda, afande. Ni mbali sasa. Mbali, hata fremu yote hapana weza.” Shemeji akaondoa kidole kwenye kioo. “Sasa iko moja au zaidi.”

Afande hakumkaripia kwa neno lile. Alikuwa anafikiri.

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu asiyeelewa. Nilikuwa na mifano ya mihogo, ya kamba, ya tochi, nimeipanga yote kichwani. Haikuhitajika hata mmoja. Mtu yule alielewa upesi kuliko sisi tulivyoelewa kule Urusi. Alielewa kwamba fremu nzima ni ndege mbili na fremu iliyokatwa ni ndege moja, na kwamba siku mkubwa wa Kampala atakapouliza kwa nini fremu ilikatwa, jibu litakuwa kwenye bustani ya maua juu ya Kilima cha Arua. Niliuona uso wake ukitulia kwenye mwanga wa skrini.

“Nani alifungua ile chuma?” akauliza, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kumsikia nayo.

“Mimi, afande,” shemeji akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Mtu huyu alikuwa hajawahi kupanda mlingoti ule. Aliogopa urefu, na nilikuwa nimemtania kwa hilo tangu Urusi. Kila aliyekuwa ndani ya lori alijua nani alipanda na spana, na afande alijua kuliko wote.

“Anasema uongo!” nikapiga kelele. “Ni mimi nilifungua! Na wewe, afande, ulikuwa unasimama hapo chini, unaonyesha na fimbo!”

Afande akawageukia wale askari wawili wa mlangoni, na walikuwa wale wale walioipokea mifupa kutoka mikononi mwangu siku ile. “Mimi nilikuwa hapa?” akawauliza.

“Hapana, afande,” wakasema kwa pamoja, upesi, kama watoto darasani.

“Huyu alipanda?” Alininyooshea kidevu.

Walitazamana. “Sisi hapana ona, afande.”

“Basi. Huyu amekubali yeye mwenyewe.” Alimshika shemeji begani, karibu kwa upendo. “Kesi imekwisha.” Kisha akaniambia mimi: “Wewe kaa kwa kiti yake. Angalia ndege ya wageni mpaka inapotea.”

Nimejiuliza miaka yote kwa nini shemeji alisema vile. Huenda aliona kwamba yeye amekwisha hata iweje, na hakutaka dada yangu ampoteze mume na kaka kwa asubuhi moja. Huenda ndivyo. Lakini nilimjua mtu yule, na siwezi kukataa kwamba huenda pia alitaka kunishinda tena, mara ya mwisho, mahali ambapo sitaweza kumrudishia. Ikiwa ni hivyo, alinishinda. Namchukia kwa hilo, na sijui chuki hii niipeleke wapi, maana hakuna wa kuipokea.

Walimfunga kamba upya. Mlango wa lori ulikuwa mfupi, ikabidi ainame kutoka. Hakugeuka.

“Kifundo yangu usiguse,” akaniambia.

Nilikaa kwenye kiti chake, kingali na joto lake, nikalitazama lile doa mpaka likapotea. Nilikuwa nimeamriwa, na mtutu wa bunduki ulikuwa mlangoni. Sikukigusa kifundo.

Waliniruhusu kutoka kituoni kesho yake, nikaenda Arua nyumbani kwa dada. Nilimkuta amesimama mlangoni. Habari zilikuwa zimeshamfikia, kwa sababu habari za namna ile zilitembea upesi kuliko lori lolote. Mama mkwe wake alikuwa ndani analia kwa sauti. Dada hakuwa analia. Nilianza kumweleza yote, neno kwa neno, mumewe alisema nini, nami nilisema nini, wale askari walisema nini. Akaninyamazisha kwa mkono.

“Alivaa nini?”

Hakuna familia mjini isiyolijua swali lile miaka hiyo. Mtu aliyechukuliwa hivyo hurudishiwi. Unakwenda mwenyewe, wewe na ndugu zako kama unao, kwenye vichaka vya kando ya barabara, mnafunua maiti, mnawatafuta walionyamaza. Uso mara nyingi hausaidii. Kinachosaidia ni shati.

Nikafungua kinywa kumjibu. Niliweza kumwambia madoa yaliachana wapi na yaliungana wapi. Niliweza kumwambia kuhusu jicho lililovimba, alama za kamba kwenye vifundo vya mikono, na kwamba hakunukia manukato. Asubuhi nzima bega langu lilikuwa limegusa bega lake.

“Shati ilikuwa rangi gani?” akauliza tena.

“Sijui.”

“Ya jeshi? Ama ile ya nyumbani, ile nyeupe nilimfulia?”

“Sikuangalia,” nikasema. “Nilikuwa naangalia skrini.”

Kisha akaingia ndani, akatoka na kitenge cha pili, akakikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

“Basi mimi nafunua wote,” akasema.

Nikamfuata. Alipofika kwenye kona akageuka akaniona, akainama, akaokota jiwe. Nikasimama pale pale. Alitafuta kwa majuma mengi. Aliwafunua waume wa watu wengine, akawapelekea wenyewe habari ili wakazike, na mumewe hakuwemo. Mwaka 1979, serikali ilipoanguka tukakimbilia Sudan sote na mabunda yetu, nilimwona njiani nje ya Koboko, nikamsogezea nafasi kwenye lori nililopanda. Alinipita, akapanda la nyuma yetu.